Punje Chini ya Mwembe wa Mama Kulwa

Miaka yote ya kazi yangu sikuwahi kung'ata embe. Nilikuwa nalikata. Napasua upande mmoja, napasua wa pili, naangalia karibu na kokwa, naangalia chini ya ganda penye kila kidoa, ndipo nakula, kama hamu bado ipo. Wanangu wamekua wakiniona hivyo na wanadhani ni ugonjwa. Marehemu baba yao alikuwa akiniwekea kisu mezani kabla sijakaa. "Daktari, mgonjwa wako huyu hapa," anasema, huku ananisukumia embe.

Nimestaafu juzi juzi, na ninyi wadogo zangu mliobaki ofisini mmenisumbua kwenye simu mpaka nimekubali kuandika. Habari za kupandishwa vyeo sitaziandika, maana hazijazi hata ukurasa. Nitaandika habari za inzi wa matunda, na zaidi nitaandika habari za shamba moja la maembe nje kidogo ya Kharumwa, kwa sababu ndilo lililonizeesha. Mimi ni mtu wa wasiwasi, mnanijua. Anayetaka kusoma maneno ya mtu jasiri atafute mwingine.

Siku ya kwanza niliripoti Shinyanga mjini nimevaa viatu vya kisigino. Bwana Nkwabi, msimamizi wangu, aliviangalia viatu vile kwa muda kabla hajajibu shikamoo yangu.

"Marahaba. Umekuja harusini?"

Alikuwa mtu mwembamba, wa maneno machache, na pikipiki yake ilipiga kelele kwa niaba yake. Akanipakia mpaka Tinde, pale kando ya barabara ambapo akina mama hupanga maembe kwenye masinia kungojea mabasi. Akaniambia nichague embe zuri kuliko yote. Nikachagua dodo moja, limeiva vizuri, halina hata kovu. Akalinunua, akatoa kisu, akalipasua palepale. Ndani kulikuwa na uji wa kahawia, na funza weupe wakaanza kuruka. Mnawajua. Wanajikunja mpaka kichwa kinakutana na mkia, halafu wanajifyatua. Mmoja alinitua kwenye mkono nikapiga kelele.

Muuza maembe akaja juu. "Ninyi watu wa serikali mna nini? Si mnunue mle! Mnanipasulia embe mbele ya wateja ili iweje?"

Bwana Nkwabi akamwomba radhi, akanunua mengine kwa aibu, tukaondoka. Tulipofika pembeni akatoa lile ganda alilokuwa amelibeba, akavua lenzi aliyokuwa ameifunga kwa kamba ya kiatu shingoni, akanipa. Chini ya lenzi nikaona kitundu, hakizidi ncha ya sindano.

"Hicho ndicho utakachokitafuta," akasema. "Na lenzi kaa nayo. Ivae shingoni. Ukiiweka mfukoni utaikalia."

Lenzi ile ninayo mpaka leo. Kamba nimebadilisha.

Inzi huyu si yule wa jalalani. Ni mwembamba kiunoni, ana mistari ya njano mabegani, anatembea juu ya tunda taratibu huku akichezesha mabawa. Jike ndiye mwenye madhara. Anachagua tunda linaloanza kukomaa, anadunga, anataga mayai chini ya ganda, anakwenda zake. Mayai yanakuwa funza, funza wanakula ndani, tunda linadondoka. Funza wakishiba wanaruka nje na kuingia kwenye udongo, wanatulia pale, kila mmoja ndani ya gamba gumu linalofanana na punje ya mpunga. Baada ya muda gamba linapasuka na anatoka inzi mwingine. Wataalamu wana jina lao la kile kidude cha udongoni. Sisi pale ofisini tulikiita punje, basi. Likumbukeni neno hilo.

Kwa hiyo ukiona shamba limetulia usilale. Adui yupo mtini, yupo ndani ya tunda, na yupo chini ya nyayo zako. Mimi jambo hilo halijanitoka tangu siku niliyolielewa.

Kazi yetu kubwa ilikuwa mitego. Kikopo chenye matundu, ndani yake kipande cha pamba chenye dawa ya harufu inayowavuta madume, na dawa ya kuwaua wakiingia. Unakitundika kwenye tawi lenye kivuli, unarudi kila baada ya siku chache, unahesabu. Bwana Nkwabi alinifundisha kupaka grisi kwenye waya wa kutundikia. Nikamuuliza ya nini. Akanipeleka kwenye mtego mmoja ambao haukupakwa grisi. Ulikuwa mtupu, safi kabisa. Nikasema hapa basi hakuna inzi. Akanionyesha waya tu, na msururu wa sisimizi wakishuka nao, kila mmoja kabeba bawa.

Tangu hapo mtego uliojaa unaniogopesha kidogo, na mtego mtupu unaniogopesha zaidi.

Bwana Nkwabi alistaafu, mimi nikahamishiwa upande wa magharibi. Nilikaa Ushirombo kidogo, halafu nikapelekwa Kharumwa. Huko ni nchi ya mashamba na mashimo. Mtu anaamka analima, mchana anashuka kwenye duara kutafuta dhahabu, jioni anachunga. Duara, kwa asiyejua, ni shimo la mchimbaji, na wala si lazima liwe la mviringo. Nikiwa na lenzi shingoni na chekeche la unga kwenye begi, nilianza kuzunguka kwa wakulima wa matunda, na hivyo ndivyo nilivyofika kwa Mama Kulwa.

Mama Kulwa alikuwa mjane, mnene kiasi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe waliovuka mto. Alikuwa na mapacha. Kulwa, binti, alikuwa ameolewa Ushirombo. Doto, kijana wa kiume, alikuwa na mke na watoto na alichimba kwenye kambi ya wachimbaji ng'ambo ya korongo. Shamba la maembe lilipandwa na marehemu mume wake mti mmoja mmoja, akimwagilia kwa ndoo, na kaburi lake liko pembeni ya mstari wa mwisho, upande wa magharibi.

Alinipokea vizuri. "Mwangaluka, mayu," akaniamkia kwa Kisukuma, akanipa kigoda. Halafu akaniburuta kunionyesha fahari yake. Alikuwa ametundika chupa za maji zenye dawa, mbili tatu kila mti, alizopewa kwenye semina fulani. Zote zilikuwa nyeusi kwa inzi waliokufa.

"Unaona mtego unavyonasa?" akasema. "Kila nikiamka nawakuta wamejaa. Nimewamaliza."

"Na maembe?"

Uso ukabadilika. "Maembe yameoza yote. Fuso lilikuja msimu uliopita, tajiri akapasua matano, akapanda gari lake akaenda. Ndiyo maana nakuuliza wewe uliyesoma. Nimewaua wote hawa, sasa nani anayeniharibia?"

Tatizo lilikuwa hilo neno mtego. Kwa watu wa kule, mtego ukijaa umepata kitoweo. Nikakaa tena kwenye kigoda changu.

"Mama, hao wote ni madume."

"Madume?"

"Dawa hiyo inawavuta madume tu. Anayetaga ni jike, na jike haingii humo."

Akaziangalia chupa zake. "Kumbe nachinja madume, majike wako kwenye maembe yangu."

"Ndiyo, mama. Sasa niambie. Zizini ukichinja madume yote ukabakiza moja, ng'ombe hawazai?"

"We! Watazaa wote!" Akapiga paja, akacheka mpaka akakohoa. Kicheko kilipoisha nikaona machozi. Alikuwa amelindwa na zile chupa muda mrefu, na mimi nilikuwa nimemvua ulinzi wake kwa sentensi moja. Akaniambia jambo alilokuwa amelificha: Doto anataka kuikata miti. Anasema shamba linalea inzi tu, bora wakate, wauze mbao na mkaa, wachimbe, maana maduara ya ng'ambo yametema dhahabu na mkanda wa mawe yake unaelekea huku.

"Nikikosa maembe tena msimu huu, sina neno la kumjibu," akasema. "Na mimi miti hii ndiyo niliyobakiwa nayo ya baba yao."

Nilirudi ofisini nimebeba mzigo usio wangu. Usingizi wangu ulikuwa tayari mbaya.

Siku iliyofuata nilianza na udongo. Ukitaka kujua msimu utakuwaje, angalia chini. Nikapiga magoti chini ya mwembe mkubwa kuliko yote, nikachota udongo wa juu kwa kijiko, nikauchekecha kwenye chekeche langu la unga, kilichobaki nikakimwaga kwenye mfuniko mweupe, nikaanza kukikagua kwa lenzi. Punje zilikuwamo. Kila kijiko zilikuwamo. Nilizidi kuchekecha na zilizidi kuonekana.

Njia ya wachimbaji ilipita kando ya shamba. Mmoja wao, kijana mwenye koleo begani, akasimama kwenye uzio.

"Shikamoo mama. Unatafuta nini hapo?"

"Marahaba," nikajibu bila kuinua kichwa. "Punje."

"Umepata?"

"Nyingi. Na hapa ni juu juu tu, chini sijafika."

Nilisikia viatu vyake vya mpira vikienda mbio, nikadhani kachelewa kazini. Jamani, nilikuwa ninahesabu! Sikufikiria kwamba katika nchi ile yote hakuna mtu ambaye akisikia punje anakumbuka mpunga kabla ya dhahabu. Mwanamke mgeni kutoka serikalini, amepiga magoti, anachekecha udongo, anauangalia kwa lenzi, anasema punje ziko nyingi juu juu. Hata mimi ningekimbia.

Asubuhi yake niliposhuka kwenye bodaboda nilikuta watu wamejaa shambani. Sururu, koleo, makarai, maturubai ya kulalia, mpaka mama mmoja ameshaanza kukaanga chapati. Walikuwa wameshachimba shimo linalomfika mtu kiunoni, na mizizi ya mwembe ilikuwa nje. Mama Kulwa alikuwa amesimama juu ya kaburi la mumewe ameshika mchi, akipiga kelele kwa Kisukuma na Kiswahili vikichanganyika. Hakuna aliyemsogelea upande ule.

Doto tu ndiye alikuwa mbele yake. Ndiyo mara ya kwanza kumwona, mrefu, vumbi jeupe mpaka kwenye kope, turubai limekunjwa mgongoni.

"Mama, mpaka watu wa kambini ndio waniambie kwamba shambani kwetu kuna dhahabu? Umenificha mimi?"

"Nikufiche nini? Muulize huyo mwenye lenzi!"

Wakanigeukia wote. Nikatoa mfuniko wangu mweupe kwenye begi, nikawaonyesha. "Punje zenyewe ndizo hizi. Ni inzi. Watoto wa inzi wako ndani, wamelala."

Wakasogea, wakainama, wakaangalia. Kijana wa jana akaichukua moja, akaibana kwa kucha, ikapasuka ikatoa majimaji. Kicheko kikalipuka. "Rashi ya inzi!" mmoja akapiga yowe, maana rashi kwao ni mbio za kukimbilia dhahabu mpya, na wengine wakaanza kukusanya makarai yao wakitukanana. Kuanzia siku ile waliniita Mama Lenzi, na nilimshukuru Mungu kwamba hawakuniita jina baya zaidi.

Ningependa kusema yaliishia hapo. Lakini mzee mmoja wao hakuwa amecheka. Alikuwa amechukua udongo wa lile shimo, akaukosha kwenye karai kwa maji ya Mama Kulwa, taratibu, akiuzungusha. Akamwita Doto. Doto akamwita mama yake. Pembeni mwa karai kulikuwa na uzi mwembamba wa njano. Wao wanauita rangi.

"Ipo," Doto akasema polepole. "Mama, ipo."

Sehemu zile ukiukosha udongo kwa bidii unaweza kupata rangi hata nyuma ya choo, na rangi si dhahabu ya kushika. Doto alilijua hilo kuliko mimi. Lakini alikuwa ameiona kwenye udongo wao, na nilimwona anavyoiangalia ile miti, anapima.

Mama Kulwa akashusha mchi. "Nisikilize, mwanangu. Maembe yamekwisha shika. Niachie mpaka yaive. Yakiwa na funza kama mwaka jana, lete shoka, nitakushikia tawi mimi mwenyewe."

"Unaapa?"

"Naapa mbele ya baba yako."

Halafu wote wawili, mama na mwana, wakaniangalia mimi.

Nawaambieni ukweli, niliogopa. Hakuna dawa ya kumwahidi mkulima kwamba inzi hatakuja. Unapunguza tu. Nilitaka kusema hivyo, nikasema tutaanza kesho.

Tukaanza kazi. Kila asubuhi Mama Kulwa aliokota kila embe lililodondoka, hata bichi, hata lililotobolewa na ndege. Mara ya kwanza nilimwambia tuyazike, akanikata jicho. "Kwenye shamba hili amezikwa mtu mmoja tu. Maembe tutayafukia." Basi tukayafukia, tukitumia lile shimo la wachimbaji, chini kabisa, na udongo mwingi juu, tukashindilia. Nilimfundisha kupiga chambo kwenye mashina, kidogo tu, kile cha chakula chenye sumu ambacho majike wanakifuata kabla ya kutaga. Zile chupa zake tukaziondoa, nikatundika mitego michache ya kuhesabia, grisi kwenye kila waya. Nilimweleza tena na tena: hii haiui, inatuambia tu.

"Kama mbwa," akasema. "Habebi rungu, anabweka."

"Hivyo hivyo, mama."

Kwa majuma kadhaa mbwa alinyamaza. Idadi ilishuka. Nilikagua grisi, nikakagua sisimizi, nikabadilisha pamba nikidhani harufu imeisha. Ilishuka kweli. Mama Kulwa akaanza kuimba anapookota. Mimi kila nikiona anaimba nilikuwa nataka kumwambia anyamaze kidogo, tusijitie mkosi.

Halafu, maembe yakiwa yameanza kubadilika mabega, mtego wa magharibi ukajaa. Mitego mingine ilikuwa vilevile, huu mmoja ulijaa mpaka kwenye matundu. Nikaumwaga, nikarudi baada ya siku mbili, umejaa tena. Nikakaa chini kwenye majani. Mama Kulwa alikuja, akaangalia kikopo. Kuimba kukakoma.

Inzi wa upande mmoja wana mahali wanapotoka. Niliamua kufuata upepo kuelekea magharibi. Nikavuka uzio, nikateremka korongo, nikapanda ng'ambo, na kabla sijaona kitu nikasikia harufu. Kambi ya wachimbaji inakula. Wanaletewa maembe na mapera kwa magunia kutoka kila upande, na yaliyooza na maganda yote walikuwa wanatupa kwenye duara moja lililokufa. Nikachungulia. Lilikuwa linachemka. Wamo funza, wamo inzi, na shamba la Mama Kulwa liko mkabala na mdomo wa lile shimo.

Nikamtafuta Doto. Nilimkuta amekaa kwenye kifusi anakula ugali. Nikamsalimia, nikamweleza, nikamwonyesha kwa kidole. Akamega tonge jingine.

"Mama Lenzi, ngoja nikuelewe. Maembe ya mama yakiharibika, mimi nachimba. Yakipona, sichimbi. Na wewe unakuja kuniomba mimi nikayaponye?"

"Ndiyo, baba."

"Huoni haya?"

"Naona. Lakini sina mwingine wa kumwomba. Hawa wengine watanicheka, rashi ya inzi."

Akacheka kidogo, bila kupenda. Halafu akauliza jambo ambalo sikulitegemea. "Mama anajua umekuja?"

"Hajui. Ameacha kuimba tu."

Akaweka bakuli chini. Nilikwenda zangu bila jibu, na njia nzima nilijilaumu kwamba nimemwonyesha adui mlango. Maana ukitaka kuharibu shamba lile, ungeacha tu lile duara kama lilivyo.

Niliporudi baada ya siku chache nikapitia kwanza kule ng'ambo, kwa kuibia. Duara lilikuwa limefunikwa turubai jeusi, limevutwa likakaza, mawe yamepangwa kando zote, na udongo umemwagwa juu ya mawe. Jua linalipiga mchana kutwa. Mle ndani hakuna kiumbe ambacho kingestahimili. Turubai lilikuwa na kiraka cha kitambaa chekundu, na nilikuwa nimekiona kiraka hicho siku ya rashi, kwenye mgongo wa Doto. Lilikuwa turubai lake la kulalia.

Sikumwambia mama yake. Mtego wa magharibi ukapungua, si sana, ukapungua. Inzi waliokwisha toka walikuwa wamekwisha toka, na sikujua wangapi walikuwa wamekwisha dunga. Nilikuwa nikipita chini ya miti ile nikichungulia kila embe kwa lenzi mpaka shingo ikakakamaa. Ofisini mliniuliza kwa nini nimekonda. Si ndiyo hiyo.

Siku ya ahadi Doto alikuja mchana na wenzake wawili na shoka lililofungwa kwa gunia. Mama Kulwa alikuwa amevaa kitenge kipya. Tukasalimiana wote kwa adabu, kama watu wa msibani.

"Nachuma mwenyewe," Doto akasema.

"Chuma."

Hakuchuma ya karibu. Alikwenda mstari wa mwisho, upande wa magharibi, mti ulio karibu na kaburi, akapanda juu kabisa, akashuka na embe moja limeiva, amelishika kwa mikono miwili. Nikatoa kisu.

"Weka kisu," Mama Kulwa akasema.

"Mama, acha nikate tuone."

"Ukikata wewe watasema umejua pa kukata. Nipe hilo embe, Doto."

Akalipokea, akalifuta kwenye kitenge. Nami nilikuwa nimesimama karibu yake, na bila lenzi, kwa macho haya yaliyozeeka kwa kazi hiyo moja, nikaona kidoa. Karibu na kikonyo. Kidogo, cheusi, hakizidi ncha ya sindano. Huenda ni utomvu umeunguza ganda. Huenda ni kitundu. Nilifungua mdomo nimwambie ageuze, ang'ate upande mwingine, nikachelewa. Mama Kulwa akang'ata palepale.

Alitafuna. Sisi wote tulikuwa tunamwangalia mdomo. Hakutazama embe, alimtazama mwanawe. Akameza, ndipo akaligeuza, akamwonyesha alipong'ata. Njano tupu, juisi inachuruzika.

"Maliza," akamwambia.

Doto akalipokea na kung'ata. Aling'ata tena. Alilila lote amesimama, mpaka kokwa ikabaki na nyuzi tu. Mwenzake mmoja akajikohoza. "Sasa, Doto, na ile rangi?"

Doto akainua kokwa ile ya njano. "Rangi si hii?"

Mama Kulwa akaanza kulia kwa sauti, na mimi pamoja naye, tumeshikana mikono kama watu waliofiwa, wakati hatukufiwa. Doto alituacha. Alikwenda kwenye lile shimo chini ya mwembe mkubwa, lililokuwa bado halijajaa, akaomba koleo, akalifukia mpaka juu, akairudishia mizizi udongo, akakanyaga kanyaga. Shoka halikutoka kwenye gunia lake. Tulipasua maembe mengine mengi jioni ile, maana mimi ni yuleyule, na yenye funza yalikuwamo. Yalikuwa machache. Fuso lilipokuja halikurudi tupu.

Huo ulikuwa msimu mmoja. Kila mwaka inabidi kuanza upya, na ninyi mliochukua mitego yangu mnalijua hilo. Msiache kupaka grisi. Msiseme punje mbele ya mchimbaji.

Mimi sasa niko Tinde, karibu na pale nilipopigiwa kelele siku ya kwanza. Nina miembe mitatu uani na mtego mmoja, hamuwezi kuninyang'anya. Juzi kondakta wa basi aliniletea kikapu kutoka Kharumwa. Kabla sijakifungua simu ikalia.

"Shikamoo, Mama Lenzi." Alikuwa Doto.

"Marahaba, baba. Kikapu nimekipata. Wabeja sana."

"Mama anasema usikate."

"Nisikate kwa nini?"

Nikasikia ile sauti ya kuita ng'ombe nyuma yake: "Mwambie mimi niling'ata! Naye ang'ate!"

Simu ikakatika. Nikachagua embe moja. Nikaligeuza na kuligeuza, nikatafuta lenzi, nikairudisha. Kisu kilikuwa jikoni. Mtu mzima mimi, mwenye wajukuu, naogopa embe. Nikafumba macho, nikang'ata.

Lilikuwa tamu. Machozi yalinitoka, juisi ikanifika viwikoni, nikalila mpaka kokwa. Halafu nikanawa mikono, nikaenda kuangalia mtego.